Utani Usiopigiwa Kengele

Mwaka 1973 kundi la wachekeshaji wa Kiingereza, Monty Python, lilikaribishwa kwenye The Tonight Show, kipindi cha usiku cha runinga ya Marekani ambacho siku zile kiliweza kumwinua msanii au kumzika. Kwao walikuwa mashuhuri. BBC ilikuwa imeanza kurusha vichekesho vyao Oktoba 1969. Mwenye kiti wa usiku ule, Joey Bishop, aliyemshikia zamu Johnny Carson, aliwatambulisha kama mtu anayejitoa lawamani: ameambiwa kwamba jamaa hawa wanachekesha. Wakaingia wanaume waliovaa magauni, wakaanza kupiga soga kwa sauti nyembamba za akina mama wa mtaani. Ukumbi ukanyamaza. Hawakuzomewa, watu walikaa tu, wakisubiri kuelezwa kinachoendelea. Wachekeshaji wenyewe wameisimulia aibu ile kwa miaka mingi, tena kwa raha, na nadhani raha hiyo nayo ni sehemu ya mada yetu.

Mabibi na mabwana, nimeombwa kuzungumzia sababu ya misimu na mzaha wa Waingereza kuwaduwaza Wamarekani, watu ambao kwa hesabu zote wanazungumza lugha moja nao. Jibu linalokuja haraka ni maneno. Nitalipitia upesi, kwa kuwa linafurahisha lakini halitufikishi mbali.

Mwaka 1942 Wizara ya Vita ya Marekani iliwapa askari wake waliokuwa wakienda Uingereza kijitabu cha maelekezo. Kiliwaonya, pamoja na mengine, kwamba wakisema wanaonekana kama "bum", wao wakikusudia mzururaji, mwenyeji wao atasikia makalio. Na kwamba "bloody", linaloonekana neno la hivi hivi tu, lisitamkwe mbele ya wanawake na wanaume waliochanganyika. Miaka mingi baadaye mambo hayajatulia. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilitoka London mwaka 1997 kikiwa na mwanafalsafa kwenye jina lake. Kilipochapishwa Marekani mwaka 1998 mwanafalsafa aliondolewa, akawekwa mchawi, na sweta za watoto wa Hogwarts zikapewa jina la Kimarekani. Filamu ya Ken Loach ya mwaka 1991, Riff-Raff, inayowahusu wajenzi waliokuja London kutoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na lafudhi yake, ilionyeshwa Marekani ikiwa na maandishi chini ya picha. Kiingereza kilitafsiriwa kwa Kiingereza, na watu walikata tiketi.

Hadithi tamu zaidi ni ile ya misimu ya vina ya mashariki ya London, ambayo kamusi ya Hotten ilikwisha kuinukuu mwaka 1859. Namna yake ni hii. Kichwa ni "head". "Head" kinashikana kwa kina na "bread", yaani mkate, na mkate mzima ni "loaf of bread". Basi kichwa kinaitwa "loaf of bread". Halafu, na hapa ndipo penye uhuni wenyewe, sehemu iliyobeba kina hutupwa, linabaki "loaf" peke yake. Mtu anaambiwa atumie mkate wake, na asiyekuwa wa mtaa ule hana hata pa kuanzia kukisia. Wanaojua Sheng ya Nairobi, au kinyume cha vijana wa pwani, hawahitaji kuelezwa kwamba lugha ya namna hii hutungwa ili mtu fulani aachwe nje, awe polisi, mteja au mzazi. Filamu ya Kimarekani Ocean's Eleven ya mwaka 2001 ililitania jambo hilo: fundi wa milipuko kutoka London, aliyeigizwa na Don Cheadle, anawaambia wenzake kwamba wamo katika "Barney". Wanamkodolea macho. Inabidi aeleze: Barney Rubble, kina chake "trouble", matatizo. Na Barney Rubble ni mhusika wa katuni ya Kimarekani, The Flintstones. Jina lao wenyewe liliwarudia, wasilitambue.

Lakini neno usilolijua lina heri moja: unajua kwamba hulijui. Unauliza, unajibiwa, mnacheka pamoja. Shari iko kwenye maneno ambayo kila upande una hakika nayo. Winston Churchill alisimulia katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili jinsi wakuu wa majeshi ya nchi hizi mbili walivyobishana kwa muda mrefu, na kwa ukali, kuhusu kitenzi kimoja, "table". Waingereza walitaka waraka fulani uwekwe mezani, yaani ujadiliwe mara moja. Wamarekani wakakataa katakata, kwa kuwa kwao kuuweka mezani ni kuuahirisha. Walikuwa wanataka jambo lile lile.

Kisa cha pili hakichekeshi. Aprili 1951, katika vita vya Korea, brigedi ya 29 ya Waingereza ilikuwa imeshika kingo za mto Imjin wakati jeshi la China lilipoanza mashambulizi makubwa. Kikosi cha Gloucestershire kilizingirwa juu ya kilima nambari 235. Mkuu wa brigedi, Tom Brodie, alikuwa chini ya amri ya jenerali wa Kimarekani, Robert Soule. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa hali ikoje alijibu kuwa mambo kule yananata kidogo. Ofisa yeyote wa Kiingereza angeelewa kwamba watu wanakwisha. Mmarekani alisikia kilichosemwa: kuna ugumu, lakini kidogo, basi washikilie pale pale. Haikuwa sababu pekee ya maafa yaliyofuata, na wanahistoria wa vita wana mengine ya kuyataja, lakini zaidi ya askari 500 wa kikosi kile walichukuliwa mateka, na waliofanikiwa kupenya na kurudi walikuwa wachache. Kilima kile sasa kinaitwa kwa jina la kikosi.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu jibu la Brodie na magauni ya Monty Python vimetoka chungu kimoja. Brodie hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anatumia lugha ya watu wa tabaka lake, waliofundishwa tangu shule ya bweni kwamba jambo likizidi kuwa kubwa, neno lake lazima lizidi kuwa dogo. Kupaza sauti ni kukiri kwamba umeshindwa kujizuia. Msikilizaji aliyekulia humo anajua kuzidisha mwenyewe: akiambiwa "kidogo", anasoma "mno", akiambiwa chakula "si kibaya", anajua mpishi amesifiwa. Watazamaji wa Yes Minister, kichekesho cha runinga kilichoanza mwaka 1980, walijua kwamba mtumishi wa serikali anapouita uamuzi wa waziri wake wa kijasiri, waziri na ajiandae kupoteza uchaguzi. Mzaha wa Kiingereza umejengwa juu ya mazoea hayo hayo. Anayetania hakonyezi, habadilishi sauti, uso wake ni wa mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Kengele ya kuonya kwamba sasa tunatania haipigwi, kwa sababu anayehitaji kengele si mwenzetu.

Kwa Wamarekani kengele hupigwa. Katika runinga yao ilipigwa kwa maana halisi: tangu miaka ya 1950 fundi Charley Douglass alikuwa na mashine yake ya vicheko vya kurekodiwa, ya kubonyezwa pale mtazamaji anapotakiwa acheke. Mfano ninaoupenda ni M*A*S*H, tamthilia ya CBS iliyoanza mwaka 1972, kuhusu madaktari wa jeshi katika vita vile vile vya Korea. Watengenezaji wake hawakutaka kicheko cha mashine. Kampuni ya runinga ililazimisha kiwekwe, na walichopata ni kukiondoa kwenye chumba cha upasuaji tu. Ilipofika Uingereza, BBC iliirusha bila kicheko hicho kabisa. Kwa hiyo watu wa nchi mbili walitazama kipindi kimoja, wengine wakionyeshwa mahali pa kucheka na wengine wakiachwa wapatafute wenyewe katikati ya damu. Sisemi kwamba Waingereza ni watakatifu katika hili. Vichekesho vyao vingi vya zamani vina vicheko vya ukumbini, na vingine vinapiga kelele hadi mtu anatamani kuzima.

Kuna dai ambalo Waingereza hupenda kulirudia baada ya glasi ya pili, kwamba Wamarekani hawaelewi kejeli. Ni dai la uvivu. Nchi iliyomzaa Mark Twain haihitaji kufundishwa kejeli, na aliyetazama Seinfeld au Curb Your Enthusiasm amewaona Wamarekani wakijichambua bila huruma. Tofauti haiko kwenye uwezo wa kukejeli. Iko kwenye ruhusa: nani anaweza kumtania nani, wapi, na kwa idhini gani. Na hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno ambalo wao hawana.

Mwaka 1941 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu utani. Mwandishi wake, Reginald Moreau, alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, kwenye milima ya Usambara. Mwaka 1944 aliandika tena juu ya jambo hilo katika jarida la Africa. Mwingereza mwingine, mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, alikuwa ameeleza mwaka 1940 kwamba huu ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumkejeli mwenzake, na mwenzake halazimiki kufanya lolote ila kutokasirika. Sisi hatukuhitaji jarida kulijua hilo. Mpare anamjua Mchaga wake. Mtani akija msibani akajilaza kaburini na kudai alipwe ndipo atoke, hakuna anayeita polisi. Kinachonichekesha katika maandishi ya wataalamu wale ni jinsi utani ulivyotazamwa kama desturi ya watu wa mbali, yenye kuhitaji nadharia, ilhali baa yoyote ya kijiji cha Uingereza ingewapa data ya kutosha kabla ya saa mbili usiku.

Kwani Mwingereza naye ana utani, ila wake haukuwekewa mipaka ya kabila wala ukoo, na hautangazwi. Unamshukia mtu pale anapokubaliwa. Mgeni ofisini huzungumzwa naye kwa adabu kamili. Siku wenzake wanapoanza kumwita mzigo usiobebeka, ndiyo siku aliyoingia ndani. Adabu ikirudi, ajiulize amekosa nini. Mmarekani hulisoma jambo hili kichwa chini miguu juu. Matusi yanamtia simanzi, adabu inampa moyo. Na hana makosa, maana ametoka katika jamii iliyojengwa na wageni waliokutana na wageni wengine, wasiojuana babu wala kijiji. Katika hali hiyo nia njema haiwezi kufichwa, lazima ionekane usoni, kwa tabasamu na kwa maneno yaliyonyooka. Hii ni tafsiri yangu, na atakayeipinga ana haki, lakini sijaona nyingine inayoeleza mengi zaidi.

Wamarekani wana utani wao, na wameujengea uwanja. Kuanzia mwaka 1974 runinga yao ilionyesha karamu za Dean Martin ambamo mtu mashuhuri alikalishwa mbele ya marafiki zake akasimangwa mpaka basi. Kila mtu alijua ni mchezo, kwa kuwa ulikuwa na jina, saa na meza yake. Mchekeshaji Mwingereza Ricky Gervais alipoongoza sherehe za Golden Globe Januari 2011, aliuchukua utani ule akaupeleka kwenye chumba ambacho haukuwa umealikwa. Aliwadhihaki mastaa wakiwa wamevalia suti za harusi, mbele ya kamera, usiku wa wao kupongezana. Magazeti yalishindana kuuliza kama amevuka mpaka. Naye alishangaa, au alijifanya kushangaa. Katika uso wa Gervais mambo hayo mawili hayatenganiki. Mwaka uliofuata walimwita tena.

Nimeacha kwa makusudi mfano mkubwa kuliko yote, Fawlty Towers. Ni vipindi 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya mwaka 1979, kuhusu hoteli ndogo ya Torquay na mwenye hoteli anayewachukia wateja wake. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1970 kundi la Monty Python lilifikia katika hoteli ya mji huo, na mwenye hoteli akamkemea Terry Gilliam kwa namna alivyoshika kisu na uma. Gilliam alikuwa Mmarekani pekee katika kundi. Wenzake walihama. John Cleese akabaki, akimtazama mwenye hoteli kwa jicho la mwindaji.

Katika kipindi kimoja cha mwaka 1979 anafika mteja Mmarekani, amechelewa, amechoka, anataka saladi iitwayo Waldorf. Basil Fawlty, mwenye hoteli, hajawahi kuisikia, na badala ya kusema hivyo anaanza kudanganya. Uongo unazaa uongo, lawama zinahamishiwa kwa mpishi ambaye hayupo hata jikoni. Mmarekani analipuka na kusema wazi kwamba hoteli ni mbovu. Basil anawageukia wageni wengine, Waingereza, waliokuwa wakila uchafu ule kimya tangu walipofika, awe na mashahidi. Mwanzoni wanasema kila kitu kizuri. Kisha mmoja anathubutu, na mwingine. Kinachovunjika pale ni mkataba mzima wa Waingereza wa kuvumilia na kunung'unika pembeni. Mtazamaji Mmarekani anaweza kucheka sana na kipindi hiki, lakini mara nyingi anacheka akiwa upande wa mteja wake: hatimaye mtu mmoja amesema kweli. Mwingereza anacheka kwa kujificha nyuma ya mto, kwa sababu anajua yeye ni wale wa meza za pembeni.

Na kuna suala la tabaka, ambalo haliwezi kuandikwa chini ya picha. Basil anamnyenyekea yeyote mwenye cheo cha ukabaila na kumdharau fundi. Kila mgeni anapofungua kinywa, lafudhi yake inamwambia Mwingereza amezaliwa wapi, amesoma wapi na anaonea aibu nini. Sikio la Mmarekani husikia lafudhi moja tu, ya Kiingereza, na mara nyingi huiona ya kistaarabu. Nusu ya vita inapiganwa mahali asipopasikia.

Runinga za Marekani zilijaribu mara tatu kuitengeneza upya hoteli hiyo. Jaribio la mwaka 1983, Amanda's, lilimweka Bea Arthur kwenye usukani. Cleese husimulia kwamba watayarishaji walimwambia wamebadilisha kitu kimoja tu: wamemwondoa Basil. Watu huwacheka watayarishaji wale, ila mimi nawaonea huruma. Walikuwa wameona sawasawa kwamba mtazamaji wao hatakubali kukaa kila wiki na mtu asiyependeka, asiyejifunza na asiyesamehewa. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba akiondolewa mtu huyo kuna kitakachobaki. Waliokulia Kenya mbele ya Mind Your Language, kichekesho kingine cha Uingereza, huenda wasijue kwamba nayo ilitengenezwa upya kule mwaka 1986 kwa jina la What a Country! Ilidumu msimu mmoja.

Waliofaulu ni wale waliothubutu kuubadilisha uhusiano wenyewe. Mtayarishaji Mmarekani Norman Lear aliichukua Till Death Us Do Part ya mwaka 1965, yenye mzee mbaguzi wa London anayebwata kutoka mwanzo hadi mwisho, akaihamishia Queens, New York, mwaka 1971. Archie Bunker wake ni mbaguzi vile vile, lakini familia inampenda na mtazamaji anaona kwa nini. Kiti chake kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. The Office nayo ilijifunza kwa njia ngumu. Kipindi cha kwanza cha toleo la Marekani, Machi 2005, kilifuata maandishi ya Kiingereza karibu neno kwa neno, na kilipokelewa vibaya. Kuanzia msimu wa pili bosi wa ofisi hiyo, mtu asiyejijua, alilainishwa, akapewa siku za kufaulu na wafanyakazi wanaomwonea imani. Toleo la Uingereza lilikoma baada ya vipindi 12 na viwili vya Krismasi. La Marekani liliendelea hadi mwaka 2013 na kufikisha 201. Mtu anaweza kulipenda lolote kati ya hayo. Mimi napenda la kwanza, na nimelitazama lote mara moja tu, kwa kuwa linauma.

Turudi kwa Monty Python, maana habari yao haikuishia kwenye ukumbi ule. Mwaka 1974 kituo cha runinga ya umma cha Dallas, KERA, kilianza kurusha vipindi vyao bila kuvikata na bila matangazo ya biashara katikati. Texas, si New York. Vijana wakavitazama tena na tena, wakajifundisha wenyewe mahali pa kucheka, na vituo vingine vikafuata. Kampuni kubwa ya ABC nayo ikataka kunufaika, ila ikavikata ili vipishe matangazo na yasiwepo maneno ya kuwaudhi watazamaji: katika dakika 90, dakika 24 ziliondolewa. Wachekeshaji walikwenda mahakamani.

Hukumu ya Mahakama ya Rufaa ilitoka mwaka 1976. Majaji wa Kimarekani, katika lugha kavu ya sheria na bila hata chembe ya mzaha, waliandika kwamba mahali fulani kilichokatwa kilikuwa kile kilele chenyewe ambacho kichekesho kizima kilikuwa kinapandia, na kwamba kilichobaki hakikuwa tena kazi ya waliokitunga. Ili kufikia uamuzi huo ilibidi majaji wajue mzaha ulikuwa unaelekea wapi. Walijua, na ABC ilizuiwa kurusha tena vipindi ilivyovikata.